Nukta Nyeupe Kwenye Giza

Ndugu wahifadhi, wahariri, mafundi wa picha na mafundi wa sauti,

Roketi ya Saturn V, ile iliyowapeleka wanaanga wa Apollo Mwezini, ilipokuwa ikiachana na ardhi, mabamba ya barafu yalibanduka ubavuni mwake na kuporomoka. Ndani ya matangi kulikuwa na oksijeni ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri, na kwa saa kadhaa unyevu wa hewa ya Florida ulikuwa ukigandia juu ya chuma. Kwenye filamu, kila kipande cha barafu hiyo ni doa jeupe linalopita mbio: fremu hii lipo, fremu inayofuata halipo. Sasa ipitisheni filamu hiyo kwenye programu ya kufuta vumbi. Programu haijui barafu. Inachojua ni kanuni moja tu, kwamba kitu kisichokuwepo kwenye fremu iliyotangulia wala inayofuata ni uchafu. Basi inakifuta. Mtazamaji analetewa roketi nyororo kama ya kuchorwa, inayopaa bila kumwaga hata punje.

Nimeanza na barafu kwa sababu ndiyo njia fupi ya kueleza ugumu wa kutoa filamu ya kumbukumbu za anga kwa ajili ya kutazamwa nyumbani. Ukumbini picha inapita na kwenda zake. Nyumbani mtazamaji ameshika rimoti. Atasimamisha, atarudisha nyuma, atasogeza kiti hadi karibu na runinga. Kila uamuzi mlioufanya gizani utaonekana. Hakuna toleo linalochunguzwa kama hili, na ajabu ni kwamba mara nyingi ndilo linaloandaliwa mwishoni, kwa makombo ya bajeti.

Tuanze na mali yenyewe. Swali la kwanza lisiwe skana gani itatumika. Liwe hili: mmeshika kizazi cha ngapi? Filamu iliyokwenda Mwezini na kurudi ni kizazi cha kwanza. Nakala iliyochapwa kutoka humo ni cha pili, na nakala iliyokatwakatwa kutengenezea filamu fupi za matangazo huenda ikawa ya nne au ya tano. Kila hatua inaongeza ukali wa kivuli na mwanga na kula maelezo madogo. Mkipokea faili iliyohamishwa miaka mingi iliyopita kupitia mkanda wa video, mtaitambua: pembezoni mwa fremu pamekatwa, vitu vinavyotembea vina meno kama ya kitana, na sehemu nyeupe za vazi la mwanaanga hazina mkunjo hata mmoja. Faili ya namna hiyo haiponyeki. Rudini ghalani. Filamu asilia za safari za Apollo zinatunzwa kwenye baridi ya kuganda katika kituo cha NASA cha Johnson huko Houston, na shehena nyingine kubwa iko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Marekani. Kuna waliorudi ghalani wakavuna. Filamu ya mwaka 2019 ya Todd Douglas Miller kuhusu Apollo 11 ilisimama juu ya marobota ya filamu pana ya milimita 65, yenye picha za umati, mnara na mitambo ya kurushia, ambayo yalikaa kwenye hifadhi hiyo miongo kadhaa bila watu wengi kujua thamani yake.

Filamu iliyotoka kwenye baridi haifunguliwi papo hapo. Iacheni ndani ya kopo lililofungwa, kwanza kwenye chumba cha baridi ya kadiri, kisha kwenye chumba cha kawaida, mpaka hata kiini cha robota kipate joto. Ukifungua mapema, umande unatua juu ya utando wa picha, tabaka zinanatana, na ukizivuta zinatoka na rangi. Baada ya hapo nusa. Harufu ya siki maana yake plastiki ya asetati imeanza kuoza, na asidi inayotoka humo inaambukiza marobota ya jirani. Filamu nyingi zilizopanda na Apollo zilikuwa za poliesta nyembamba, ambayo haina ugonjwa huo, na unene wake mdogo uliwezesha kuingiza urefu mkubwa zaidi kwenye kasha moja. Lakini poliesta ina ubishi wake: haikatiki. Ikinasa, kinachovunjika ni mashine. Wala gundi ya asetati haiishiki. Maungio yake ni ya utepe au ya mawimbi ya sauti. Fundi asiyejua ameshika plastiki ipi asiruhusiwe kugusa chochote.

Filamu iliyosinyaa kupita takriban asilimia 1 isipitishwe kwenye mashine yenye meno, maana meno hayatakutana tena na matundu ya pembeni. Tumieni skana inayovuta filamu kwa roda laini na kuyasoma matundu kwa kamera. Mikwaruzo ya upande wa plastiki hutoweka filamu ikipigwa picha ikiwa imezama kwenye kimiminika kinachopinda mwanga karibu sawa na plastiki yenyewe. Mkwaruzo uliochimba upande wa picha hautoweki kwa maji wala kwa maombi; pale rangi imeondoka.

Kuhusu ukubwa, milimita 16 inatosheka na skani ya 4K, yaani ya upana wa pikseli kama 4,000, na hapo mtakuwa mmenasa hadi chembechembe zake zinazounda picha. Milimita 65 inastahili 8K. Fanyeni hesabu ya diski za kuhifadhia kabla ya siku ya kazi. Fremu moja ya 4K kamili, biti 10 kwa kila rangi, ni kama megabaiti 51. Kwa fremu 24 kila sekunde, saa moja inakula takriban terabaiti 4.4. Hiyo ni nakala moja, na hakuna mtu mwenye akili anayeweka nakala moja.

Hapa sasa tunafika kwenye jambo linaloharibiwa kuliko yote: kasi ya fremu.

Kamera ya milimita 16 iliyosafiri kwenye Apollo, iliyotengenezwa na Maurer, ilikuwa na kasi za fremu 1, 6, 12 na 24 kwa sekunde. Kasha lake lilibeba futi 140 za filamu. Futi moja ya milimita 16 ina fremu 40, kwa hiyo kasha zima lina fremu 5,600. Kwa kasi ya 24, kasha linakwisha kabla ya dakika 4. Kwa kasi ya 6 linafika dakika 15 na ushei, na kwa fremu 1 kila sekunde linadumu zaidi ya saa moja na nusu. Chombo cha Apollo 11 kilishuka Mwezini kwa injini kwa muda wa dakika 12 hivi. Ndiyo maana mteremko ule ulipigwa kwa fremu 6: vinginevyo filamu ingekwisha chombo kikiwa bado juu.

Mhariri akiitupa filamu hiyo kwenye mradi wa fremu 24 bila kuuliza, mashimo ya Mwezi yanapita mara nne haraka kuliko alivyoyaona rubani, na watu waliopigwa kwa fremu 1 wanarukaruka kama panzi. Dawa ni rahisi. Fremu za kasi ya 6 zirudiwe mara nne kila moja, za kasi ya 12 mara mbili. Picha itagutukagutuka kidogo. Iacheni igutuke, ndivyo kamera ilivyoona. Kuna programu zitakazowaahidi kutunga fremu za katikati ili mwendo uwe laini kama mafuta. Zinatunga kweli. Kokoto iliyokuwa hapa na kisha pale inapewa njia ambayo hakuna aliyeishuhudia, na ukingo wa kivuli unayeyuka kisha unaganda upya. Katika filamu ya kubuni mnaweza kubishana kama hilo ni kosa. Kwenye ushahidi ni kughushi.

Upande wa pili ziko kamera za wahandisi pale mnarani. Ile maarufu inayojulikana kama E-8 ilipiga Apollo 11 ikiondoka kwa fremu 500 kwa sekunde, ndiyo sababu sekunde 30 za kweli zinachukua zaidi ya dakika 8 kuzitazama. Hiyo mkiichezesha polepole hamjaongopa, mradi mtazamaji ajue. Tatizo huja pale mhariri anapochukua vipande vya kasi tatu tofauti, akavifunga kwa muziki mmoja, na kuacha watu waamini vyote ni muda wa kawaida.

Na tukiwa kwenye kuaminisha, kuna pete moja. Mmeiona wote: pete kubwa inayobanduka chini ya hatua ya pili ya roketi, inateremka ikiwaka pembeni, na Dunia ya buluu nyuma yake. Picha hiyo imetumika kwenye filamu zisizohesabika kana kwamba ni ya Apollo 11. Ilipigwa kwenye safari za majaribio zisizo na mtu, Apollo 4 ya Novemba 1967 na Apollo 6 ya Aprili 1968, kwa kamera zilizochomoka na kurudi kwa miavuli. Filamu ya Al Reinert ya mwaka 1989 ilikwenda mbali zaidi kwa makusudi: ilichanganya safari nyingi ikazisimulia kama safari moja, hata matembezi ya angani ya Gemini, mradi uliotangulia Apollo, yakaingia humo. Ni uamuzi wa kisanii na una haki yake. Lakini diski ina nafasi ambayo ukumbi hauna. Tengenezeni njia ya pili ya manukuu, inayowashwa na kuzimwa, itakayoandika chini ya kila picha jina la safari, kamera na kasi ya fremu. Faili yenyewe haifiki hata sehemu ndogo ya gigabaiti moja. Gharama yake ni kazi ya mtu anayejua, na kwa maoni yangu inazidi thamani ya mahojiano yote ya ziada mtakayoyabandika kwenye menyu.

Turudi kwenye usafi. Mwaka 1962 mwanaanga John Glenn aliripoti vimulimuli nje ya dirisha la chombo chake, Friendship 7. Miezi michache baadaye mwenzake Scott Carpenter aligonga ukuta wa chombo chake, na vimulimuli vikaongezeka: vilikuwa chembe za barafu zilizobanduka kwenye ganda la chombo. Nukta nyeupe nyingi kwenye giza la filamu hizi ni za jamii hiyo, yaani barafu, vipande vya kinga ya joto, maji yaliyomwagwa nje. Si rahisi ziwe nyota, kwa sababu lenzi iliwekwa kwa ajili ya vitu vinavyopigwa na jua kali. Mtawezaje kutofautisha nukta na vumbi? Barafu ina mwelekeo. Ikitokea kwenye fremu tatu mfululizo utaweza kuchora mstari wake. Vumbi lililoingia baadaye halina njia, na mara nyingi kingo zake ni kali kuliko picha yenyewe, kwa kuwa lilikaa juu ya filamu wakati wa kuchapa au kuskani. Vumbi lililokuwa ndani ya kamera angani nalo linakaa mahali pamoja fremu hadi fremu. Hilo ni la historia, liachwe. Kwa hiyo programu iendeshwe kwa kiwango cha chini kwenye picha za ardhini, izimwe kabisa kwenye dakika za kuruka na kutengana kwa hatua, na pale kazi ifanywe kwa mkono. Ni kazi ya kuchosha, na haina njia ya mkato. Alama za msalaba zilizo kwenye picha tuli za kamera ya Hasselblad zilizopigwa juu ya uso wa Mwezi nazo zisiguswe: ni za kioo chenye vipimo kilichokuwa mbele ya filamu, na kuna watu watakaozihesabu.

Rangi nitaipitia upesi. Nakala za zamani huwa waridi kwa sababu rangi ya samawati hutangulia kufifia. Chanzo cha kwanza mara nyingi kiko salama zaidi, sababu nyingine ya kukitafuta. Msiutie Mwezi joto la dhahabu. Na weusi wa anga usisukumwe hadi sifuri, kwani nukta zetu zinaishi pale pale juu ya weusi. Kosa la kawaida ni la kipimo: video ya kawaida huhesabu weusi kutoka 16 na weupe hadi 235, na programu moja kwenye mnyororo ikidhani ni 0 hadi 255, giza linameza vivuli vyote bila mtu kugusa kitufe.

Umbo la fremu nalo. Milimita 16 karibu ni mraba, 1.37 kwa 1. Kuijaza runinga pana ya 1.78 ni kukata karibu robo ya kimo. Kwenye dirisha la chombo kinachoshuka, robo hiyo ndiyo yenye kivuli cha mguu. Wekeni mistari myeusi pembeni, na waliozoea kulalamika waacheni walalamike.

Sauti ina hadaa zake. Picha nyingi za chumba cha uongozaji pale Houston zilipigwa bila sauti. Sauti ipo kwingine, kwenye mikanda ya nyimbo 30, yaani njia 30 za sauti zilizo sambamba, iliyorekodi mazungumzo ya kila dawati. Mashine ya zamani ilisoma wimbo mmoja kwa wakati, hadi Chuo Kikuu cha Texas huko Dallas kilipotengeneza kichwa cha kusoma nyimbo zote 30 kwa pamoja. Ndipo maelfu ya saa yakaweza kuokolewa. Kuoanisha kunafanywa kwa saa ya ukutani inapoonekana kwenye picha, kwa midomo, na kwa saa ya safari iliyohesabiwa tangu kuruka. Mkanda unaonata kwa sababu gundi yake imevuta unyevu huokwa kwa joto dogo, nyuzi 50 hivi, kwa saa nyingi. Mkanda wa asetati hauokwi kamwe, utaharibika. Tena tunarudi pale pale: jueni mmeshika nini.

Ule mlio wa “bip” mnaousikia kabla na baada ya Houston kusema hautoki kwenye chombo. Ni milio miwili, ya 2,525 na 2,475 hezi, kila mmoja robo sekunde, iliyowasha na kuzima mitambo ya kurushia matangazo kwenye vituo vya mbali. Fundi akiichuja kwa kukata masafa hayo kwenye mkanda mzima, anakata na ncha za konsonanti za wanaanga, na sauti iliyokuwa imebanwa na redio inazidi kufifia. Ibaki. Na kimya kibaki pia: mawimbi ya redio huchukua takriban sekunde 1.3 kufika Mwezini na nyingine kama hiyo kurudi, kwa hiyo swali la Houston halijibiwi kabla ya sekunde 2.6. Mhariri anayeziba pengo hilo amepunguza umbali wa kilomita 384,000 kwa mkasi.

Kasi ya diski nayo inagusa sauti. Blu-ray nyingi za filamu huenda kwa fremu 23.976, si 24 kamili. Tofauti ni moja kwa elfu. Sauti isipopunguzwa mwendo kwa kiasi hicho hicho, filamu ya dakika 93 itamaliza na pengo la sekunde 5.6 kati ya mdomo na neno. DVD za PAL, mfumo wa runinga wa fremu 25 kwa sekunde, ni mbaya zaidi: zinakimbiza kila kitu kwa asilimia 4, sauti inapanda, na zile sekunde 2.6 za Mwezi zinakuwa 2.5.

Kubana picha ndipo kazi nzuri inapofia. Chembechembe za filamu hazina mpangilio, na mashine ya kubana huchukia kisichotabirika. Ikinyimwa biti, inaanza kuokoa gizani, ikiamini jicho halitaona. Matokeo yake anga linageuka vigae vyeusi vinavyohama, na ukingo wa Dunia unakuwa na ngazi badala ya kufifia taratibu. Blu-ray inaruhusu hadi megabiti 40 za picha kwa sekunde. Dakika 93 kwa wastani wa 35 ni gigabaiti 24.4, sauti iliyobanwa bila kupotezwa kitu ikichukua mbili au tatu, diski ya gigabaiti 50 bado ina nafasi karibu ya 20 kwa ziada. Diski ya 25 haiwezi, na anayeipendekeza anaomba ruhusa ya kuweka vigae. Msipunguze chembechembe ili kumsaidia mashine. Mwambieni agawe biti zaidi kwenye maeneo meusi, kisha mtazame dakika ya kuruka, ambapo mwali, moshi na barafu vinafika kwa pamoja na akiba ya biti inakauka.

Manukuu kwenye Blu-ray huhifadhiwa kama picha, si maandishi, kwa hiyo kosa la herufi halirekebishiki baada ya diski kuchapwa. Mistari isizidi miwili, herufi kama 42 kila mmoja, na kasi ya kusoma isipite herufi 17 kwa sekunde. Kiswahili kina maneno marefu na redio za wanaanga zina sentensi fupi. Punguzeni maneno ya adabu kabla ya kugusa namba. Kengele ya 1202, iliyolia Apollo 11 ikishuka Mwezini, iandikwe 1202, maana ndiyo namba ya kompyuta iliyozidiwa na kazi na kuna atakayesimamisha kuitazama. Watu wawili wakisema pamoja, kila mmoja apewe jina la dawati lake.

Haki nazo zisidharauliwe: kazi za serikali kuu ya Marekani hazina hakimiliki nchini humo, lakini muziki ulio juu yake, matangazo ya vituo vya runinga, nembo ya NASA na sura ya mtu ikitumika kuuzia bidhaa ni mambo mengine.

Diski ya majaribio itazamwe yote, mwanzo hadi mwisho, kwenye mashine zaidi ya moja, na kwenye runinga iliyozimwa ule mfumo wa kulainisha mwendo, kwa sababu mfumo huo unatunga fremu kwa niaba yenu. Atazame pia mtu ambaye hakuihariri.

Mashine iko tayari pale nyuma. Tuzime taa tutazame sekunde 40 za Saturn V ikiachana na mnara, mara mbili: kwanza iliyosafishwa na programu peke yake, kisha iliyosafishwa kwa mkono. Hesabuni vipande vya barafu.